Uzi: KE na ME kwenye hesabu, tupime kwanza ndipo tuseme (walimu wa Tanga karibuni)

#1 MwlNgamiani

Wakuu, salaam na poleni na kazi.

Kila matokeo ya mtihani wa utamilifu (ule wa majaribio kabla ya wa taifa) yakibandikwa, ofisini linarudi neno lile lile: "wasichana wetu hesabu haziwaingii." Ushahidi ni wastani wa KE (wasichana) na wastani wa ME (wavulana), basi, chai inaendelea. Wastani haukuambii mtoto kakwama wapi. Naweka hapa namna ya kupima kwa karatasi ambazo zimeshasahihishwa, bila bajeti na bila kumsubiri mtu wa halmashauri.

Chukua karatasi za kidato cha nne, tuseme 60, KE 30 na ME 30. Karatasi ya hisabati ina maswali 14: sehemu A maswali 10 ya alama 6, sehemu B maswali 4 ya alama 10. Jumla ya alama iache kwanza. Chora jedwali, kila mwanafunzi mstari wake, na kila swali lipe namba moja kati ya tatu:

2 = kapata
1 = kajaribu, hakufika
0 = hakugusa

Zinakuwa namba 840. Mmoja asome, mwingine aandike. Mchana mmoja unatosha. Anayesoma ataje namba ya mtihani tu; jinsi (KE au ME) mtaijaza mwishoni kabisa. Mkiijua mapema mkono unapendelea wenyewe, hasa kwenye mpaka wa 0 na 1. Na mpaka huo muuwekee sheria kabla ya kuanza: aliyenakili data za swali bila kuchukua hatua hata moja ni 0.

Sasa tazama mfano huu (namba nimezitunga kuonesha kitu). Swali la trigonometria: KE wana 2 sita, 1 sita, 0 kumi na nane. ME wana 2 saba, 1 kumi na sita, 0 saba. Waliopata ni 6 kwa 7, karibu sawa. Tofauti iko kwa wasiogusa: 18 kwa 7. Kila aliyejaribu akiokota alama 2 za njia, wavulana 16 wanaleta alama 32, ukizigawa kwa 30 ni kama 1.07 kwa kichwa. Wasichana 6 wanaleta 12, ni 0.4. Tofauti ni 0.67 kwa swali. Zidisha kwa maswali 14, unapata alama kama 9. Alama 9 ndizo zinazomtoa mtu kwenye 21 zikamfikisha 30, yaani F ikawa D.

Kwa hiyo inawezekana kabisa shule ikawa na wasichana wanaojua sawa na wavulana na bado wakaanguka zaidi, kwa sababu tu hawagusi swali wasilo na uhakika nalo. Swali langu kwa wenzangu: kwa nini hawagusi, na darasani tunafanya nini?


#2 Tarakimu

Mwalimu, uzi mzuri, ila nikukate kauli mara mbili.

Kwanza, kuzidisha kwa 14 kunadhania maswali yote yana tabia moja. Hayana. Takwimu na hesabu za biashara karibu kila mtu hugusa. Maumbo ya pande tatu na trigonometria ndiyo yanayokimbiwa. Jumlisha swali kwa swali, usizidishe.

Pili, na hili ndilo linalonikera zaidi ofisini, watu hugombana juu ya tofauti ya alama 3 kwenye watoto 60. Alama za hesabu zimetawanyika mno. Chukua mtawanyiko sanifu (kipimo cha alama zinavyosambaa kuuzunguka wastani) wa 15, ambao ni wa kawaida. Kosa la kukadiria tofauti kati ya makundi mawili ya watu 30 ni 15 mara kipeuo cha pili cha 2/30, yaani karibu 3.9. Tofauti isiyofika mara mbili ya hapo, kama alama 8 hivi, inaweza ikawa ni bahati tu ya nani aliangukia mkondo gani. Ukitaka kusema kitu kwa uhakika, unganisha mikondo mitatu au miaka mitatu. KE 90 na ME 90, kosa linashuka hadi 2.2, na tofauti ya alama 5 inaanza kuwa na maana.

Ile safu ya 0 yako ndiyo nzuri, maana tofauti yake huwa kubwa na inaonekana hata kwa watoto wachache.


#3 MzeeWaSahare

Ninyi walimu mna maneno mengi. Upimaji wa SACMEQ (wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika) wa 2007 ulifanyika darasa la sita, na wavulana wa Tanzania waliwazidi wasichana kwenye hesabu, tena kwa pengo miongoni mwa makubwa kwenye nchi zilizopimwa, sisi na Kenya. Huko hakuna mkondo mmoja wala bahati, ni maelfu ya watoto. Kwa nini tusiseme tu kwamba kipaji kimetofautiana, tukaendelea na mengine?


#4 Tarakimu

Shikamoo mzee. Takwimu yako ni sahihi, ila umeisoma nusu. Upimaji huo huo, mwaka huo huo, mtihani ule ule: Shelisheli wasichana waliwazidi wavulana. Kipaji cha kuzaliwa hakivuki bahari kikageuka.

Na si Shelisheli peke yake. PISA ya 2003, upimaji wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, Aisilandi wasichana walikuwa mbele. Marekani, Janet Hyde na wenzake mwaka 2008 walikusanya matokeo ya majimbo 10, wanafunzi zaidi ya milioni 7 kuanzia darasa la pili hadi la kumi na moja, wakakuta tofauti ni karibu sifuri. Kinachopanda na kushuka kutoka nchi hadi nchi ni kitu kinachofanywa na watu. Ndiyo maana Mwl anauliza tunafanya nini darasani.


#5 MzeeWaSahare

Marahaba. Endeleeni, nasoma.


#6 PanganiJuu

Kabla ya darasani, hesabuni kwanza nani yupo darasani. Hapa ndipo wengi hujidanganya.

Tuseme waliingia kidato cha kwanza ME 40 wenye wastani wa 24, na KE 40 wenye wastani wa 25. Wavulana 10 wakaacha njiani: mmoja kaenda baharini, mwingine bodaboda, mwingine msimu wa machungwa ulimchukua Muheza asirudi. Wanaoacha mara nyingi ni wa chini; tuwape wastani wa 12. Waliobaki ni 30, na wastani wao ni (960 − 120) ÷ 30 = 28. Wasichana wote wamebaki, 25. Bango la matokeo litasema ME 28, KE 25, na ofisi itasema "si mmeona?" Wakati hakuna mtoto hata mmoja aliyeongeza wala kupunguza alama.

Kinyume chake pia hutokea. Kama wasichana wa chini ndio waliotoka, kwa mimba au ndoa, basi bango litawapendelea KE na pengo la kweli litajificha. Tangu waraka wa 2021 waliojifungua wanaruhusiwa kurudi, lakini anayerudi baada ya mwaka anahesabiwa na wenzake wapya, na alichokosa ni vekta, mfanano na logi, vitu vyote vinavyodaiwa kidato cha nne.

Dawa: linganisheni kwa rejista ya walioingia, si kwa orodha ya waliofanya mtihani. Kila aliyetoka andikeni alama yake ya mwisho aliyokuwa nayo na tarehe. Ni kazi ya jioni moja kwa mwalimu wa darasa.


#7 MwlNgamiani

Hapo umenishika, PanganiJuu. Jedwali langu halikuwa na safu ya walioondoka. Naiongeza.


#8 Kibaba_na_Pishi

Mnaongelea karatasi, mimi nataka kuingia ndani ya ile "1", kajaribu hakufika. Alijaribu vipi?

Chukueni 10 − 4 + 3. Jibu ni 9. Mtoto aliyeishika MAGAZIJUTO (mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa) kwa uaminifu anaona JU imetangulia TO, anajumlisha 4 na 3, kisha 10 − 7, anaandika 3. Huyu hakukosa kwa uzembe, amekosa kwa kutii. Kanuni yenyewe inasema kugawanya na kuzidisha ni daraja moja, kujumlisha na kutoa ni daraja moja, na ndani ya daraja unatoka kushoto kwenda kulia. Neno la kukariria limeficha hilo. Tena angalieni ajabu: GAZI haimwumizi mtu. 12 × 6 ÷ 3, ukianza kugawanya au kuzidisha ni 24 tu. JUTO ndiyo yenye mwiba, na kwa sababu GAZI haijawahi kumsaliti, mtoto haoni sababu ya kuishuku JUTO.

Hilo linahusu nini na KE na ME? Mwaka 1998 Elizabeth Fennema na wenzake walichapisha kazi waliyofuatilia watoto 82 wa Marekani kutoka darasa la kwanza hadi la tatu. Kupata jibu la hesabu za kawaida, wasichana na wavulana walikuwa sawa. Njia ndiyo ilitofautiana: wasichana wengi walifuata kuhesabu kwa vitu na njia waliyofundishwa, wavulana wengi walibuni njia zao. Walipofika darasa la tatu wakapewa maswali mageni, ya kunyoosha walichojua, wavulana wakatangulia.

Sasa sisi tuangalie tunamsifia nani kwa nini. Msichana anasifiwa daftari safi na hatua zilizofuatwa kama zilivyo ubaoni. Mvulana anayekuja na njia ya mkato tunamwita mjanja, hata akikosea. Swali la 53 − 28: mmoja anaazima, 13 − 8 ni 5, 4 − 2 ni 2, jibu 25. Mwingine anatoa 30 abaki na 23, arudishe 2, 25. Njia ya pili ikitoka kwa msichana, mara ngapi tunamwambia "mbona hukuazima, rudia"?

Zoezi linalofaa, kuanzia darasa la tatu hadi sekondari: mara mbili kwa wiki, swali moja, njia tatu. Jibu alama 1, kila njia ya ziada alama 2, ili watoto waone jibu si ndilo linalolipwa zaidi. Dakika 12, zisizidi, la sivyo kipindi kimekufa. Kinachoharibika huwa ni hiki: mtoto anarudia njia ile ile kwa kugeuza mpangilio, 6 × 7 kisha 7 × 6. Weka sheria kwamba njia ni mpya kama kuna namba katikati ambayo haikuonekana kwenye njia ya kwanza. 7 × 6 kama 7 × 5 + 7 ina 35. Hiyo ni mpya.


#9 DadaWaMabawa

Umesema daftari safi. Ongeza raba.

Tazameni karatasi zenye 0 mkizielekeza kwenye mwanga. Baadhi ya hizo 0 si za kutogusa. Zimeandikwa, zikafutwa. Mwanafunzi alianza vizuri, akaona jibu halifanani na alilotegemea, akafuta yote ukurasa ubaki msafi. Msahihishaji hana cha kumpa. Aliyeacha uchafu wake karatasini kaokota alama 2 au 3 za njia.

Shuleni raba ipigwe marufuku kwenye kipindi cha hesabu, kwa wote. Ukikosea, kata mstari mmoja, endelea chini. Mwalimu naye anapokosea ubaoni asifute kwa mkono haraka haraka, akate hivyo hivyo. Wiki mbili za kwanza mtasikia kelele kuhusu daftari kuchafuka, hasa kwa wazazi wanaokagua madaftari. Waelezeni kwenye kikao, wanaelewa.


#10 MwlNgamiani

Dada, basi mimi naweka alama ya nne: F = kaandika kafuta. Nilikuwa naziita zote 0.


#11 MsingiMuheza

Wakuu, na sisi wa msingi? Mtihani wa darasa la saba maswali mengi ni ya kuchagua. Nimesikia kwamba wasichana huruka maswali wasiyo na uhakika nayo na wavulana hubahatisha. Je, tuwafundishe kubahatisha?


#12 Tarakimu

Mwl wa Muheza, angalia usilete kitu cha kwingine. Utafiti wa Katherine Baldiga wa 2014 ulionesha wanawake wakiruka zaidi pale jibu baya linapokatwa alama. Pasipo adhabu, tofauti hiyo haikuwepo, watu walijibu. Mtihani wetu haukati alama kwa jibu baya. Kwa hiyo ukikuta mapengo kwenye karatasi za KE, sababu yake itafute kwenye muda au kwenye kutoambiwa wazi. Waambie wazi, ubaoni, kwa namba: machaguo matano, kubahatisha kipofu ni 1/5, ukifuta mawili yasiyowezekana inakuwa 1/3. Maswali sita uliyotaka kuyaacha yanakupa wastani wa alama 1.2 kwa upofu, na 2 kwa akili.

Kufuta yasiyowezekana kufundishwe kama hesabu: tarakimu ya mwisho, ukubwa wa jibu, kizio. 48 × 25 haiwezi kuishia na 5. Eneo haliwezi kuwa sentimita tupu. Hilo ni makadirio, na makadirio yamo kwenye mtaala, si ujanja wa mtihani.


#13 ADonge

Narudi kwa swali la kwanza, kwa nini hawagusi. Nendeni mkakae nyuma ya darasa mhesabu.

Chora ramani ya viti. Kipindi cha dakika 40. Kila mwalimu anapomwita mtu, weka alama kwenye kiti: k kama ni swali la kukumbuka ("kipeuo cha pili cha 81?"), e kama ni la kueleza ("kwa nini ishara imegeuka?"), u kama ameitwa ubaoni. Usihesabu jumla peke yake. Darasa linaweza kuwa na KE 12 na ME 13 mtu akaona haki imetendeka, kumbe za KE ni k zote na za ME ndizo e.

Kisha pima kusubiri. Mary Budd Rowe, Marekani, miaka ya 1970, alikuta walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde 1 kabla ya kumpa mwingine au kujibu wenyewe. Waliporefusha hadi 3, majibu yakawa marefu na walionyamaza wakaanza kujitokeza. Sekunde 3 ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa mbele ya watoto 70. Kwa watu wa pwani kuna kipimo rahisi: soma Bismillahi yote moyoni, kwa utulivu, ndipo uite jina.

Kuita jina kwa vijiti. Makopo mawili, la KE na la ME, kila mtoto kipande cha boksi chenye jina lake, unachomoa kwa zamu. Yanayoharibika:

Ukichomoa jina kabla ya kuuliza, waliobaki 69 wanapumzika. Uliza, subiri, ndipo uchomoe.

Ukiweka kando kipande kilichochomolewa, aliyekwishaitwa anajua amemaliza siku yake. Ukikirudisha palepale, mmoja ataitwa mara nne. Njia ya kati: kila ukichomoa vitano, rudisha viwili.

Na aliyechomolewa akisema "sijui", usimhamie mwingine. Mpe kazi ndogo: "taja kitu kimoja ulichopewa kwenye swali." Huko ndiko kugusa swali kunakofundishwa. Mtoto aliyezoea kwamba "sijui" inamwachia huru, kwenye mtihani ataandika 0.


#14 ShangaziWaHesabu

Kuna njia fupi zaidi, tuwape moyo tu. Maryam Mirzakhani alipata nishani ya Fields, tuzo kubwa ya hisabati duniani, mwaka 2014, mwanamke wa kwanza, na Maryna Viazovska akaipata 2022. Wasichana wakisikia hayo woga unaisha.


#15 Tarakimu

Shangazi, wasimuliwe, ni haki yao kujua. Ila usitegemee alama kupanda kwa hilo. Nadharia kwamba msichana akikumbushwa "wasichana hawawezi" anashuka palepale ilipata nguvu kwa jaribio la Spencer, Steele na Quinn la 1999. Lilipojaribiwa upya Uholanzi kwa wanafunzi wa sekondari zaidi ya 2,000, ikachapishwa 2018, athari haikuonekana. Maneno ya siku moja, mazuri au mabaya, hayana uzito tunaoyapa. Ya kila siku ndiyo yanajenga. Sian Beilock na wenzake, 2010, walifuatilia walimu 17 wa kike wa madarasa ya mwanzo: mwanzoni mwa mwaka woga wa mwalimu na alama za watoto havikuhusiana, mwishoni, kwenye madarasa ya waliokuwa wakiiogopa hesabu zaidi, wasichana ndio walioshuka, wavulana hapana. Walimu 17 ni wachache, nakubali. Lakini mwalimu wa darasa la kwanza anayesema mbele ya watoto "hata mimi hesabu zilinishinda" aache leo, haigharimu kitu.


#16 Bi_Mkinga

Mmesahau mkebe.

Kikundi cha watoto wanne wana mkebe mmoja. Nani ameshika bikari? Nani anaandika jina la kikundi kwa mwandiko mzuri? Jometri huingia kwa mkono. Asiyeshika bikari wala kipimapembe kwa miaka minne, swali la maumbo akilikimbia siyo ajabu. Na moja ya tofauti kubwa zaidi za kiakili katika tafiti za KE na ME ni kugeuza umbo kichwani. Hiyo ipo, tusiifiche. Ila inafundishika. Uchambuzi wa David Uttal na wenzake wa 2013 ulikusanya tafiti 217 za mafunzo ya namna hiyo, ukakuta watu wanapanda, wanawake kwa wanaume, na kilichopatikana kinadumu.

Kazi za kikundi zigeuke kila swali: msoma swali, mshika mkebe, mwandishi, mkaguzi. KE wawili na ME wawili, au KE wote. Msichana mmoja kati ya wavulana watatu ni mwandishi wa kudumu, hata ukigeuza majina ya kazi.

Kwa maumbo ya pande tatu, acheni kuchora ubaoni peke yake. Chelewa za ufagio. Kila kikundi kikate vijiti 4 vya sentimita 12, vinne vya 4, vinne vya 3, kimoja cha 5, kimoja cha 13. Jumla sentimita 94, chelewa mbili ndefu zinatosha. Pembe 8 za udongo wa mfinyanzi. Wajenge boksi: kitako 4 kwa 3, kimo 12. Kijiti cha 5 kinalala kwenye mshazari wa kitako, cha 13 kinatoka pembe ya chini kwenda pembe ya juu iliyo mkabala. Hapo wanaona kwa macho pembetatu mraba 5, 12, 13 imesimama ndani ya boksi. Kwenye mchoro wa karatasi ile pembe ya nyuzi 90 haifanani na 90 hata kidogo, ndiyo maana wanaweka 12 kama kiegama na kuharibu yote yanayofuata. Tanjenti ya pembe kati ya kijiti cha 13 na kitako ni 12/5, na jedwali la hesabu linatoa nyuzi 67 na dakika 23. Wapime kwa kipimapembe, iwe karibu na 67.

Halafu, jamani, kubadilisha swali la mpira kuwa la vitumbua si kumsaidia msichana. Hesabu ni ile ile na dharau imeongezeka. Kama ni utamaduni, leteni ukili: upana wa ukili mmoja ni sentimita 6, mkeka uwe mita 1.2, ni kili 20 na mishono 19. Hiyo 19 ndiyo swali, na wavulana nao huikosa.


#17 PanganiJuu

Hiyo 19 nimeipenda. Ni ile ile ya nguzo za uzio.

Niseme na la nyumbani, kwa kifupi. Mtoto anayekosa dakika 30 za mazoezi kwa siku kwa sababu ya ndoo na jiko, kwa siku 194 za masomo amekosa dakika 5,820, saa 97, sawa na vipindi 145 vya dakika 40. Ratiba ikiwa na vipindi 6 vya hesabu kwa wiki, ni wiki 24. Huwezi kumwagiza mzazi wa Makorora au Kwanjeka asimtume binti yake. Unaloweza ni kuweka dakika 25 za maswali matano shuleni, kabla kengele ya mwisho haijagongwa, kwa wote. Zikiwekwa baada ya kengele, KE wanakuwa wameshaondoka na wengine wana madrasa ya alasiri. Na zamu ya kufagia ofisi asubuhi iwe ya wote, msiiweke kwa wasichana halafu muda huo huo wavulana wakanakili maswali ya ubaoni.

Kuhusu hedhi, angalieni rejista kabla ya kutoa hotuba. Nepal, Oster na Thornton, 2011: wasichana hawakukosa hata nusu siku kwa mwaka kwa sababu hiyo, na vikombe vya hedhi walivyogawiwa havikubadilisha mahudhurio. Shule yako inaweza kuwa tofauti, hasa isiyo na maji chooni, ndiyo maana nasema rejista. Taulo za kike zitolewe kwa vyovyote, ni heshima ya mtoto. Ila yupo darasani na hataki kwenda ubaoni, hilo rejista haioni; mpokee jibu akiwa amekaa.


#18 MzeeWaSahare

Na kuwatenganisha? Shule za wasichana watupu zinafaulisha.


#19 Tarakimu

Mzee, zinachagua kwanza. Uchambuzi wa Pahlke, Hyde na Allison wa 2014, tafiti 184, wanafunzi milioni 1.6, ulikuta ukishaondoa tofauti ya nani aliingia, faida iliyobaki ni ndogo mno au hakuna. Zina faida nyingine, usalama na bweni, hizo sizibishii.


#20 MwlNgamiani

Wakuu, jedwali jipya ni hili. Safu: namba ya mtihani, mwaka wa kuingia, yupo au katoka na tarehe, kisha maswali 14 yenye 2, 1, F au 0. Jinsi mwishoni. Ukurasa wa pili ni ramani ya viti yenye k, e, u. Yafanyike kabla ya utamilifu na tena wiki nane baadaye, kwa mikondo yote, siyo mmoja.

Bi Mkinga, swali dogo. Chelewa kwenye udongo: zikikauka zinachomoka, na kijiti cha 13 mara kinazidi, mara kinapungua. Watoto wataniambia Pithagorasi kadanganya.


#21 Bi_Mkinga

Udongo mkavu hauna dawa, tumia vipande vya muhogo mbichi, sentimita moja na nusu kila upande. Vinashika kipindi chote na havichafui daftari.

Kuhusu 13, vijiti vitatu haviwezi kukutana kwenye nukta moja ndani ya pembe, kwa hiyo utakosa kama nusu sentimita. Usiifiche, waulize imetoka wapi. Ukitaka ipungue uzito, zidisha vipimo mara mbili: 24, 8, 6, mshazari wa kitako 10, wa ndani 26. Kosa linabaki nusu sentimita ile ile, lakini sasa ni nusu sentimita katika 26. Chelewa zitafika sentimita 188 kwa kikundi, kwa hiyo waambieni waje na nne, si mbili.